Kichwa cha Zamani, Amri Mpya

Kichwa cha treni cha F7 kilichoundwa na kampuni ya Athearn ya California kina urefu wa takriban sentimita 18. Ni mfano, kwa kipimo cha 1 kwa 87, wa mashine ya dizeli yenye nguvu ya farasi 1,500 ambayo kampuni ya Electro-Motive iliitengeneza kuanzia 1949 hadi 1953, ikavuta mabehewa ya abiria na ya mizigo karibu kila pembe ya Marekani. Wengi wanaikumbuka kwa rangi za reli ya Santa Fe: pua nyekundu, ubavu wa fedha. Mifano ya Athearn iliuzwa ndani ya boksi la buluu kwa miongo mingi, kwa bei ya watu wa kawaida, na hadi leo mingi imelala darini na kwenye vyumba vya chini ya nyumba. Mota yake bado ni nzima, na gia zake bado zina meno yote. Ilichokosa ni sikio la kusikia amri za zama hizi.

Mashine hizi ziliumbwa kwa umeme wa moja kwa moja, volti 12 kwa kiwango cha juu, ukipita kwenye reli mbili. Mwenye treni akizungusha kitufe, volti zinapanda na kichwa kinaongeza mwendo. Akigeuza swichi, chanya na hasi zinabadilishana na kichwa kinarudi nyuma. Ni utaratibu safi, lakini una kikomo. Vichwa viwili vikiwa kwenye njia moja, umeme ule ule unaviendesha vyote viwili, vipende visipende. Ili kuvitenganisha, watu waliikata njia vipande vipande, kila kipande kikawa na swichi yake, na mwendeshaji akawa mtumwa wa swichi.

Majaribio ya kuondoa kikomo hicho ni ya muda mrefu. General Electric ya Marekani ilileta mfumo wa ASTRAC mapema katika miaka ya 1960, ulioweza kuamuru vichwa vitano. Mwaka 1979 Hornby ya Uingereza ikatoa Zero 1, iliyofikisha vichwa 16. Uliodumu ni ule uliotokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani katika miaka ya 1980. Katika miaka ya 1990, NMRA, chama cha Marekani cha wapenzi wa treni ndogo kilichoanzishwa 1935, kiliuchukua msingi wa Lenz na kuufanya kanuni ya wote, kifaa cha kampuni moja kikaweza kuelewana na cha kampuni nyingine. Mfumo huo ndio DCC.

Katika DCC reli hubeba umeme kamili muda wote, hata treni zikiwa zimesimama. Umeme huo hugeuka chanya na hasi maelfu ya mara kwa sekunde, na maneno yamo katika urefu wa kila mgeuko. Nusu ya mgeuko yenye urefu wa maikrosekunde 58 inaashiria tarakimu 1. Yenye urefu wa maikrosekunde 100 au zaidi inaashiria 0. Tarakimu hizo zikipangwa zinakuwa ujumbe: kwanza anwani, kisha amri, kisha hesabu ya kuhakiki kwamba ujumbe haukuharibika njiani. Ni kama mwalimu anayeita majina asubuhi: darasa zima linasikia kila jina, lakini anaitikia mwenye jina lake tu. Ndani ya kichwa, anayesikiliza ni dikoda, kibao cha saketi chenye ukubwa wa stempu ya barua au pungufu. Dikoda huchukua umeme wa reli, husoma ujumbe, na ukiwa ni wa anwani yake, huipa mota kiasi kilichoamriwa.

Kichwa kipya cha siku hizi huja na soketi. Dikoda huchomekwa kwa dakika chache. F7 ya boksi la buluu haina soketi, kwa sababu aliyeibuni hakuwa na sababu ya kuiwaza. Hapo ndipo kazi ya fundi inapoanza, na ndiyo ninayotaka kuisimulia hatua kwa hatua, kwa sababu ni katika kazi chache ambazo sehemu kubwa ya ustadi hutumika kabla ya kitu kipya chochote kuunganishwa.

Fundi hafungui bodi kwanza. Anakiweka kichwa kwenye kipande cha reli chenye umeme wa kizamani na kukiendesha mbele na nyuma, polepole, kisha kwa kasi. Anasikiliza. Mlio wa kusaga unatoka kwenye gia kavu. Mruko unaojirudia kwa mpangilio unamwambia kuna uchafu kwenye meno au gia ya plastiki iliyopasuka. Taa zinazofifia zinasema magurudumu hayashiki umeme vizuri. Dikoda haiponyi mashine mgonjwa. Itatii kwa uaminifu ule ule hata kama kinachotii ni mota inayokwama, na mwishowe lawama itaiangukia dikoda.

Kisha anapima. Anaunganisha ampea-mita, anafikisha volti 12, na kwa kitambo kifupi anaizuia mota kwa kidole hadi isimame kabisa huku umeme ukiendelea kupita. Mota iliyozuiwa hula umeme mwingi kuliko wakati wowote mwingine, na hiyo ndiyo namba anayoitaka. Dikoda nyingi za ukubwa huu hubeba ampea moja au moja na nusu. Mota kongwe ikila zaidi ya hapo, atatafuta dikoda yenye nguvu zaidi au kuirekebisha mota kwanza. Namba anaiandika kwenye kikaratasi. Kila anachokipima anakiandika.

Sasa anafungua. Bodi ya plastiki imeshikwa na vichomozo vidogo vya chasisi vilivyoingia kwenye matundu ya ubavuni. Haivuti kwa nguvu. Anatanua upande mmoja kwa kucha, kisha wa pili, na bodi inapanda yenyewe. Chini yake umbile lote liko wazi: chasisi nzito ya madini ya kumimina, mota katikati, shafti mbili zikielekea mbele na nyuma, na bogi mbili zenye magurudumu. Juu ya vyote umepita utepe mrefu wa chuma, kutoka bogi moja hadi nyingine, ukigusa kichwa cha mota.

Utepe huo ndio ufunguo wa kuielewa mashine. Umeme wa reli ya kushoto hupanda kwenye bogi, huingia kwenye utepe, na hushuka kwenye kaboni ya juu, kipande kinachouingiza umeme ndani ya mota. Umeme wa reli ya kulia hupita kwenye ekseli za bogi hadi kwenye chasisi yenyewe, na kaboni ya chini ya mota huupokea kwa klipu ya shaba yenye vijino viwili vinavyoigusa chasisi. Hakuna waya hata mmoja. Waliobuni hivyo walijua kazi yao: vipande vichache, rahisi kutengeneza, rahisi kurekebisha. Fundi anaitazama hiyo saketi kwa muda kabla ya kuigusa. Anajua kwamba wepesi huo huo uliowafaa wao ndio anaopaswa kuuvunja yeye.

Anatoa kila kitu kwa mpangilio na kukiweka kwenye sinia lenye ukingo, kila kipande upande kilikotoka. Kifuniko cha gia juu ya bogi kinafunguka, na bogi inashuka. Shafti zinachomoka. Mota imekaa juu ya vimpira vilivyopenya matundu ya chasisi. Anavisukuma kutoka chini, kimoja kimoja, bila kuvichana, maana vimpira vya umri huo vimekakamaa.

Grisi ya zamani imegeuka nta ya kahawia. Anaiondoa kwa spiriti na brashi laini, jino kwa jino, na kwenye mabonde brashi isikofika anatumia kijiti cha meno. Magurudumu ya zamani ni ya chuma cha unga ulioshindiliwa, chenye uso wenye vinyweleo vinavyoshika uchafu. Mafundi wengi huyabadilisha kwa mapya ya nikeli na shaba. Kwenye umeme wa kizamani, mguso mbovu wa nukta moja ya sekunde hauonekani. Kwenye DCC, unaweza kuifanya dikoda ipoteze umeme na kuanza upya. Usafi hapa ni sehemu ya saketi.

Mota anaifungulia juu ya kitambaa cheupe. Chini ya kila klipu ya shaba kuna springi ndogo inayosukuma kaboni kwenye komyuteta, pete ya vipande vya shaba inayozunguka na mota, na springi hiyo ikiruka, itatafutwa kwa magoti. Kwa hiyo klipu moja inatolewa huku kidole cha mkono wa pili kikiwa juu ya springi. Komyuteta inafutwa kwa spiriti hadi shaba ing'ae, na mianya baina ya vipande vyake inasafishwa kwa ncha ya kijiti, kwa sababu vumbi la kaboni likijaa humo linapitisha umeme mahali pasipotakiwa.

Kisha inafika kazi yenyewe: kuitenga mota. Kanuni ni moja na haina msamaha. Mota isiguse reli yoyote, kwa njia yoyote, isipokuwa kupitia dikoda. Umeme wa reli ukikutana na waya wa mota kwa upande wa dikoda, sehemu za ndani huungua mara moja, na harufu yake mafundi hawaisahau. Anavikunja vile vijino viwili vya klipu ya chini hadi vilale bapa. Wengine huvikata; wa aina yake huvikunja, kwa sababu kilichokunjwa kinaweza kunyooshwa. Klipu ikiwa nje ya mota, mbali na plastiki na springi, anaikwaruza kwa msasa laini, anaipaka flaksi, anaigusisha chuma cha kulehemia na kuiwekea lehemu kidogo. Ncha ya waya wa rangi ya chungwa nayo imeshapakwa lehemu yake. Viwili vinakutanishwa, joto linaguswa kwa muda mfupi, na lehemu inatiririka na kung'aa. Akiona imepoa ikiwa na rangi hafifu na chembechembe, anairudia. Klipu ya juu inapata waya wa kijivu kwa namna hiyo hiyo.

Sakafu ya chasisi, mahali mota itakapokaa, anaitandika utepe wa Kapton, ule wa rangi ya kaharabu usioyeyuka kwa joto. Anaupitisha hadi kwenye kingo, maana klipu inaweza kusogea mota ikitetemeka. Mota inarudi kwenye vimpira vyake. Vipande vyote vya usafirishaji mwendo vinarudi: bushi za shaba zinapata tone moja moja la mafuta, gia zinapata grisi nyepesi, kidogo tu, kwa sababu grisi ikizidi hufika kwenye magurudumu.

Hapa anachukua multimita na kuiweka kwenye mlio. Ncha moja kwenye klipu ya juu, nyingine kwenye chasisi: kimya. Klipu ya juu na magurudumu ya kushoto: kimya. Na ya kulia: kimya. Klipu ya chini, kwa mpangilio ule ule: kimya, kimya, kimya. Kisha anarudia akiizungusha mota kwa kidole, na anarudia tena akiibonyeza chini kwa nguvu, na tena akiwa amezipindisha bogi hadi mwisho wa mzunguko wake, kama zitakavyopinda kwenye kona kali. Anautafuta mlio kwa bidii ile ile ambayo wengine wangetumia kuukwepa. Ustadi wake wote mpaka hapa unathibitishwa na sauti isiyotoka.

Nyaya sasa zinafuata kwa rangi zake, ambazo kanuni ya NMRA imezifanya lugha ya mafundi wa nchi zote. Nyekundu ni reli ya kulia, nyeusi ni reli ya kushoto. Chungwa na kijivu ni za mota. Nyeupe ni taa ya mbele, manjano ni ya nyuma, na buluu ni chanya ya taa zote. Waya mwekundu haulehemiwi kwenye chasisi: madini yale hayashiki lehemu, na uzito wake unanyonya joto lote. Anatoboa tundu dogo, anaweka skrubu, na waya unafungwa chini yake. Mweusi unagawanyika mara mbili kwenda kwenye ulimi wa chuma unaochomoza juu ya kila bogi, mahali utepe wa zamani ulipokuwa ukigusa.

Urefu wa nyaya hizo mbili ni hesabu ya macho. Ukiwa mfupi, bogi haitapinda na kichwa kitaacha reli kwenye kona. Ukiwa mrefu, waya utaning'inia hadi kwenye shafti inayozunguka. Fundi anaipinda bogi pande zote mbili, anaona waya unavyosafiri, anaukata, kisha anaupinda kitanzi kidogo kinachoelekea mbali na shafti. Kila kiungo kinavikwa mrija mwembamba unaosinyaa ukipashwa joto. Dikoda anaibandika juu, kwa kipande cha gundi ya sponji, ikiwa wazi. Haifungi tepe mwili mzima, kwa sababu inahitaji hewa ya kupoa.

Taa ya mbele ilikuwa balbu iliyopata umeme wake kutoka kwenye chasisi, kwa hiyo nayo lazima itengwe. Fundi anaiondoa na kuweka LED ya mwanga wa joto, karibu na ule wa balbu ya kale. Mguu mrefu wa LED unapokea waya wa buluu, mguu mfupi unapokea mweupe kupitia rezista ya omu 1,000. Bila rezista hiyo LED ingewaka mara moja tu, ya kwanza na ya mwisho.

Kichwa hakiendi moja kwa moja kwenye njia kuu. Kinawekwa kwenye reli ya kupangia, kipande kilichotengwa ambacho umeme wake umewekewa kikomo kidogo sana, ili kosa likiwepo lionekane bila kuunguza kitu. Fundi anakiuliza kichwa anwani yake. Dikoda haina sauti. Hujibu kwa kuipa mota msukumo wa milisekunde chache, na mashine ya kuamrisha, ile inayotuma ujumbe kwenye reli, huusoma mrupuko huo wa umeme. Kichwa kinashtuka pale kilipo, kidogo tu, na kwenye kioo cha mashine ya kuamrisha inatokea namba 3, anwani ambayo dikoda mpya hutoka nayo kiwandani. Anaifuta na kuandika namba iliyochorwa ubavuni mwa bodi.

Wengine wangeishia hapo. Yeye anaanza kukifundisha kichwa tabia. Tabia hiyo hukaa ndani ya dikoda kama vigezo vyenye nambari. Kigezo nambari 2 kinaamua ni kiasi gani cha umeme kinaitosha mota kuanza kusogea. Anakipandisha hatua moja, anajaribu, anapandisha tena, mpaka amri ndogo kabisa inapokiondoa kichwa bila mruko. Nambari 3 na 4 zinaweka uzito: kichwa kichukue muda gani hadi kishike kasi, na muda gani hadi kisimame. F7 halisi ilikuwa na treni nzima nyuma yake, na haikuondoka ghafla. Nambari 5 na 6 zinapanga kasi ya juu na ya kati. Dikoda bora pia hukata umeme wa mota kwa kitambo kisichoonekana, mara nyingi kila sekunde, na kupima volti ambazo mota yenyewe inazalisha ikiwa inazunguka. Kwa kipimo hicho hujua kasi halisi, na hukaza kichwa kikipanda mlima na kulegeza kikishuka. Mota iliyoundwa kabla ya haya yote sasa inatembea taruma kwa taruma, kwa utulivu ambao haikuwahi kuwa nao ilipokuwa mpya.

Vichwa vya F7 mara nyingi viliendeshwa viwili au zaidi vikiwa vimeungana, na hapo kuna mtihani wa mwisho. Mota mbili za zamani hazilingani kamwe. Zikiunganishwa hivyo hivyo, moja inavuta na nyingine inaburutwa. Fundi anaviweka vichwa viwili kwenye njia ya duara moja, vikiwa mbali mbali, anaviamuru kasi ile ile, na anatazama pengo. Likipungua, kinachofukuza kinapunguzwa kidogo kwenye jedwali la kasi la dikoda yake. Anafanya hivyo kwa mwendo wa chini, wa kati na wa juu, na baada ya kila badiliko anaviacha vizunguke mpaka aamini kwamba pengo limetulia. Kazi hii peke yake inaweza kumaliza jioni nzima, na hakuna njia ya mkato anayoikubali.

Bodi ikirudi mahali pake, hakuna alama hata moja ya yote haya. Rangi haikuguswa, plastiki haikukatwa. Ule utepe mrefu wa chuma, balbu ya zamani na kila kilichoondolewa kinaingia kwenye kimfuko na kimfuko kinaingia kwenye boksi la buluu, pamoja na kikaratasi: tarehe, ampea za mota iliyozuiwa, aina ya dikoda, anwani, vigezo vyote, na sentensi moja inayosema vijino vya klipu vimekunjwa, havikukatwa. Mtu yeyote atakayekifungua kichwa hiki baadaye ataweza kuendelea pale fundi alipoishia, au kukirudisha kwenye umeme wa kizamani. Uhuru huo wa kuchagua ameuacha kwa makusudi. Kuongeza uwezo kwenye kitu cha zamani wengi wanaweza. Kuongeza bila kumnyima mtu mwingine chochote kunataka mtu aliyekubali kwenda polepole tangu hatua ya kwanza.